Maharage Chini ya Turubai

Msanii tuliyekuwa tukimpiga filamu alikusanya maturubai chakavu ya malori pale Tunduma, akayashona hadi yakawa turubai moja kubwa kuliko uwanja wa mpira. Kijiji cha Ihanda kilimruhusu kulitandaza kwenye mteremko wa malisho, lionekane kutoka mbali. Mimi nilishika kamera. Baba yangu ni Mnyiha wa hukohuko, kwa hiyo wenzangu walinitegemea pia kwa lugha, ingawa nimekulia Dodoma na Kinyiha nakiokoteza tu.

Siku ya kutandaza, shangazi yangu, dada yake baba, alikuja mteremkoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasimama mbele ya kamera akaongea Kinyiha, taratibu, huku akitabasamu na kuonyesha pindo la chini la turubai.

"Anasemaje?" msanii aliuliza.

"Anasema linapendeza."

Maneno hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye filamu, chini ya picha yake, kama tafsiri.

Filamu tuliionyesha kwanza Ihanda, Jumapili baada ya ibada. Tuliziba madirisha ya ukumbi wa kanisa kwa mablanketi. Shangazi alikaa karibu nami, amejifunga kitenge kipya. Sura yake ilipotokea ukutani watu walishangilia. Halafu akaanza kuongea, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka nao, nikidhani ametania. Kicheko kilikatika ghafla, watu wakageuka kunitazama.

Mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwa Kiswahili, "Huyu halisifii turubai. Anasema mmemfunikia maharage yake, anaomba mlivute juu kidogo."

Masikio yaliniwaka moto. Turubai lilikuwa limekaa pale wiki kadhaa, na chini yake maharage yalikuwa yameshaoza. Msanii alinitazama.

Nilimwinamia shangazi. "Mbona hukuniambia kwa Kiswahili?"

"Mbele ya wageni wako? Ningekuaibisha, mwanangu. Nikaona nikuambie kwa lugha yetu, tusikie wenyewe tu."

Nilikosa pa kuficha uso. Alikuwa amenisitiri kwa lugha ambayo aliamini ni yangu.

Kesho yake mimi na msanii tulikwenda kwake kuomba radhi. Alitupokea kwa chai na viazi, akasema yameisha, maharage hupandwa tena. Nilimwomba anitafsirie maneno yake moja baada ya jingine. Alinitafsiria bila haraka, kama anayemlisha mtoto, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Tuliyarekebisha maandishi. Filamu imeonyeshwa Tunduma na kwingineko, na watu husema sehemu ya shangazi ndiyo wanayoipenda zaidi. Mimi sijaweza kuitazama nikiwa nimekaa na watu. Ikikaribia, natoka nje nasimama mlangoni.