Maji ya Moto ya Baba

Baba alikuwa fundi wa mashine za kupasua mbao huko Shume, na sikuwahi kuona mikono yake imetakata. Grisi na utomvu wa misonobari vilimwingia kwenye mipasuko ya vidole vikahamia humo. Akisalimiwa hakutoa kiganja, alitoa kifundo cha mkono. Hata sisi wanawe tulishika kifundo hicho tukasema shikamoo, tukazoea.

Alifariki mwezi wa Julai, ukungu umelala mpaka mlangoni. Mazishi yalipangwa baada ya adhuhuri. Tulioingia kumwosha tulikuwa watatu: mjomba, mwosha maiti wa msikitini na mimi. Maji ya pipa yalikuwa ya baridi kali. Mjomba akasugua vidole kwa sabuni, grisi ikagoma. Akazidi kukandamiza.

"Maji yasipofika kwenye ngozi, huyu hajaoshwa," alisema, akiongeza sabuni.

Mwosha alimtuliza kwamba linaloshindikana Mungu hulisamehe, lakini mjomba hakusikia la mtu. Nikaona ngozi ya baba inaanza kuchubuka, hasira zikanipanda. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba mafuta na maji hukataana pale yanapokutana, na ule mpaka ulio kati yao hujikaza. Kuyabana kwa nguvu hakubadilishi mengi. Joto ndilo hulegeza mvutano ule, na sabuni humalizia.

"Mjomba, acha kumkandamiza," nikasema. "Unamuumiza."

Nilikwenda jikoni kumwomba mama maji ya moto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ya maji iko mekoni inachemka.

"Siku zote nilimtengea maji ya moto," akasema. "Kila jioni alisema, wape watoto kwanza. Mkimaliza ninyi, yamekwisha."

Nilibeba sufuria huku machozi yananitoka, tukachanganya maji mpaka yakawa vuguvugu, tukaloweka mikono yake na kuipaka sabuni polepole. Grisi ikaachia, ikaelea juu ya maji ikiwa nyeusi. Chini yake palikuwa na viganja laini, vya rangi ya udongo mwekundu, ambavyo sikuwahi kuviona.

Kabla ya kumvika sanda nilimshika kiganja, nikamwamkia kimoyomoyo. Kilikuwa na joto bado, na joto lile lilikuwa la maji.