Lione Shamba Kabla Hujafungua Mlango

Ipo asubuhi moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na leo nitakusimulia ingawa nimechoka. Magoti yananiuma na usingizi wenyewe siku hizi ni wa kuibia. Lakini jana ulikaa pale jikoni ukaniambia kwamba huendi tena kwenye usaili wa kazi kule kambi ya watalii, kwa sababu kila ukiamka unajiona umeshakataliwa. Nilisikitika. Nikaendelea kupepeta mtama wangu, maana jambo nililotaka kukuambia lilihitaji nafasi.

Mimi si mzaliwa wa hapa Robanda, jirani na hifadhi ya wanyama, hilo unalijua. Nimekulia Turwa, pembeni ya mji wa Tarime, na huko kwetu tulichokuwa tunaogopa ni wezi wa ng'ombe. Tembo nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, tena nikimwona mnyama mzuri. Baba yako ndiye aliyenileta huku, halafu akapata kazi ya upishi kambini, akawa harudi nyumbani mpaka wampe likizo. Nikabaki mimi, kaka zako wakiwa bado wadogo, na mama mkwe. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kulima hapa, tembo walikula shamba lote. Sitaki kukueleza sana. Niliamka nikakuta mabua yamelala chini na nyayo zimejaa maji ya mvua. Mwaka ule tulikula kwa vibarua, kupalilia mashamba ya watu, na kaka yako mkubwa alikonda mpaka nikaona aibu kumpeleka kliniki.

Msimu uliofuata nililima tena, ningefanyaje. Ila tangu mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, sikuwa na amani. Kabla sijatoka kitandani nilikuwa nimeshawaona tembo. Nikichota maji, nawaona. Nikisonga ugali, nawaona wakiingia kwa upande wa korongo, na mahindi yakivunjika. Palizi ya pili nikaiacha, kwa sababu nilijiuliza nampalilia nani. Ungeniona ungesema naumwa, na kweli nilikuwa naumwa, ila si ugonjwa wa kupimwa damu.

Ndipo ikafika asubuhi hiyo. Nilichukua panga na tenga, nikaenda shambani kukata mahindi mabichi yote. Punje zilikuwa bado maziwa matupu. Nilijiambia bora niyaanike darani yasinyae kuliko kuwaachia tembo. Wengi hapa waliwahi kufanya hivyo kwa sababu ya woga, mwanangu, wakavuna mashamba mazima ya mahindi yasiyofaa hata kusagwa. Nilikuwa nimeinama kwenye mstari wa kwanza nilipomsikia mama mkwe nyuma yangu. Mama yule alikuwa haongei sana, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kiikoma, lakini siku hiyo nilimwelewa neno kwa neno.

"Binti wa Turwa, unafanya nini?"

"Navuna, mama. Tembo watakuja. Kila nikifumba macho nawaona."

Hakunigombeza kama nilivyotegemea. Alichukua lile panga mkononi mwangu taratibu, akaniuliza, "Hapo unapowaona, na wewe unajiona uko wapi?"

Sikuelewa. Akarudia, "Tembo wapo, mahindi yapo. Wewe uko wapi? Unafanya nini?"

Nikafumba macho nijitafute. Katika hiyo picha yangu ya kila siku, mwanangu, mimi sikuwemo. Walikuwemo tembo na mahindi peke yake. Nililia pale pale mbele ya mkwe wangu, na mtu wa kwetu kulia mbele ya mkwe si jambo dogo.

Akaniacha nilie. Nilipomaliza akanieleza anavyofanya yeye tangu ujana wake. Alfajiri, kabla hajafungua mlango, anakaa kitandani na kulitembelea shamba kwa macho ya ndani. Anaanzia njiani. Anapita mstari kwa mstari, anaona magugu yalipo, anaiona mikono yake ikiyang'oa. Anaona mahindi yamekauka vizuri, anasikia yanavyogonga chini ya tenga. Tembo wakiingia kwenye hiyo picha hawafukuzi kwa kujifanya hawapo. Anajiona anapiga debe, anawasha mavi makavu ya ng'ombe yaliyochanganywa na pilipili, anawaita majirani kwa majina yao. Akishajiona hivyo ndipo anafungua mlango na kwenda kufanya alichokiona. "Ukijitoa mwenyewe kwenye shamba lako," aliniambia, "tembo afanye nini? Si aingie tu."

Nilianza kesho yake. Siku za mwanzo ilikuwa tabu tupu, tembo wananijia kabla hata ya njia. Nilirudi mwanzo, nikaanza upya. Baadaye niliweza kufika katikati ya shamba. Nikarudia palizi niliyoiacha. Nikakausha pilipili, nikakusanya mavi ya ng'ombe, nikaongea na majirani tukapanga nani akae upande gani.

Tembo walikuja, ndiyo. Walikuja jioni moja jua likizama, kwa upande ule ule wa korongo. Niliogopa, lakini mikono ilijua pa kushika. Debe lilikuwa mahali pake. Moto uliwaka. Majirani waliitika kwa sababu niliwaita mapema, sikusubiri kupiga yowe la kilio. Tembo walikula upande mmoja, wakageuka kwa moshi. Uliobaki tuliuacha ukauke, tukavuna, tukala mpaka mvua za mwaka mwingine. Kaka yako akarudisha mashavu yake.

Sasa usinielewe vibaya. Ipo miaka niliyoliona shamba zuri kila alfajiri, nikafanya kazi yote, na tembo wakala lote. Mama mkwe mwenyewe alikufa hajawahi kujaza ghala lake. Sitakudanganya kwamba ukifumba macho kazi itakuja yenyewe mlangoni. Naona kwenye simu zenu watu wanafundisha kujiona una gari na nyumba ya ghorofa, halafu basi. Hiyo mimi siijui. Ninachokijua ni kwamba miaka niliyojitoa shambani nilipoteza hata kile ambacho tembo wasingekifikia.

Kwa hiyo nakusihi. Kesho usikurupuke kitandani, na simu iache kwanza. Kaa. Jione unavaa shati lako safi, unapanda bodaboda, unafika getini kambini unamwamkia mlinzi shikamoo bila kuinamisha kichwa. Jione umekaa mbele ya wanaokuuliza. Waache wakuulize swali gumu, kisha jisikie ukijibu, taratibu, kwa sauti yako hii hii. Wakikukataa humo ndani ya picha, jione unaaga kwa heshima na kwenda kuuliza kambi nyingine. Halafu inuka ukafanye. Kesho kutwa fanya tena, na siku usiyojisikia ndiyo ufanye zaidi. Ni kazi ya kuchosha, mwanangu. Hata mimi kuna asubuhi nakaa kitandani naona safari ya kutoka kitandani mpaka mlangoni tu, na hiyo inanitosha siku nzima.

Nenda sasa ukalale. Mungu wa wazee wako akulinde njiani, akupe wa kukuitika utakapoita, na popote watu watakapokuwa wanahesabu waliopo, asiruhusu wewe mwenyewe ujisahau.