Bangili Iliyopasuka ya Bi Budhani

Ukungu wa asubuhi bado umeyafunika mashamba ya haradali, na Budhani Mahato tayari yuko barazani, anaipaka mafuta bangili ya ngozi ya kifaru. Anaipaka taratibu, kwa kidole kimoja, maana imepasuka.

Mkunga huyu wa kabila la Watharu, mwenye miaka 63, aliirithi kwa mama mkwe wake, hapa kando ya msitu wa Chitwan, Nepal. Mwanamke akishikwa na uchungu, Budhani huiloweka bangili, humnywesha yale maji mafunda matatu, kisha humvisha mkononi. Watu wanaamini kifaru hufungua njia. Mtoto akilia, wenye nyumba hutoa mafuta ya haradali: kwanza ya bangili, mkunga baadaye.

"Mimi nakuja nyuma ya ngozi," anasema akicheka. "Siku nyingine mafuta yanaishia kwake, mimi naambulia harufu."

Kicheko hakidumu. Binti yake, Somati, ana mimba ya miezi tisa. Mtoto wa kwanza wa Somati alizaliwa amekufa, siku ambayo bangili ilikuwa kijiji cha pili kwa mzazi mwingine. Sasa imepasuka, na kuna mtu ameahidi kuleta mpya. Ili ipatikane mpya, lazima kifaru auawe.

"Mama, una moyo wa jiwe," Somati anamwambia mbele yetu. "Wenzangu wote uliwavisha nzima, mimi ndiyo unanipa mbovu? Na mnyama mwenyewe ndiye aliyemuua Baba!"

Ni kweli. Mumewe Budhani alikanyagwa akikata nyasi za kuezekea.

"Aliyemuua baba yako alikuwa na mtoto ubavuni," Budhani anajibu. "Mimi mkunga, nimlaumu vipi mzazi anayemlinda mwanawe? Leo nitume watu wakamuue, ili wangu azae?"

Somati anageukia ukutani, analia. Inauma kuwatazama.

Budhani ameshapanga. Uchungu ukianza, watakwenda zahanati kwa bajaji ya jirani. Muuguzi amekubali bangili ivaliwe. Baadaye ataizika kule mtoni, vifaru wanakokula majani, na hatamrithisha mtu.

"Akijifungua salama, naizika," anasema.

Na asipojifungua salama? tunamuuliza.

Anaifunga bangili kwenye kitambaa, polepole, huku akiutazama mgongo wa bintiye.

"Naizika vilevile, mwanangu," anasema. "Ila mtuombee."