Gunia la Majina

Hakuna kitu kwenye mtandao ambacho kingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na sikuwa nikisema kwa sauti ndogo. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya walimu. Nilianza kwa kutengeneza redio kibarazani kwa shangazi yangu, nikapanda kwenye madishi ya televisheni, kutoka hapo nikaingia kwenye kompyuta. Leo, kuanzia Kilwa Masoko hadi Mingoyo, ukilala nyumba ya wageni yenye intaneti, jua kuna waya niliopitisha kwa mkono wangu. Vijana wenye shahada wananipigia simu kuniuliza. Huwa naiacha iite kidogo kwanza.

Chama kimoja cha wakulima wa korosho, mbele ya Nyangamara, kilinipa kazi ya kuunganisha ofisi yao. Ofisi yenyewe chumba kimoja na ghala. Nikaweka antena juu ya bati, kompyuta ya mezani yenye daftari la wanachama, na swichi, kile kisanduku chenye matundu manane kinachogawa mtandao. Karani, dada mmoja mjane mwenye watoto watatu, alipata laptop na waya wake mezani. Nikapanga kwamba kila Ijumaa saa tisa alasiri, ofisi ikiwa imeshafungwa mapema kwa kuwa ni siku ya swala, kompyuta itume nakala ya daftari zima kwenye mashine yangu nyumbani Mitwero. Moto uwake, mwizi aje, daftari lipo.

Msimu ulipofika, wakulima wote wa kupewa salfa ya kupulizia mikorosho wakajaza fomu. Karani alipomaliza kuziingiza kwenye kompyuta, nikatoa agizo: makaratasi yenye majina ya watu, simu zao na namba za vitambulisho hayaachwi yakazagaa. Yachomwe. "Huo ndio usalama wa taarifa," niliwaambia, na mwenyekiti akayaandika maneno hayo kwenye kitabu chake.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Kila Ijumaa jioni mtunza ghala alikuwa ananipigia: "Fundi, mtandao umekufa." Jumamosi asubuhi nawasha pikipiki, nafika, nakuta mtandao unakwenda kama maji.

"Umeona?" nilimwambia karani. "Ukisikia pikipiki yangu tu unanyooka. Unaniogopa."

"Basi hamia hapa, kaka fundi," akasema bila kuinua macho. "Tutakutandikia mkeka."

Nilicheka. Sikujiuliza kwa nini Ijumaa. Wala sikuifungua mashine yangu kule Mitwero kutazama kama nakala zinafika. Kazi nimeifunga mwenyewe, nikague nini?

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya mezani ikatoa harufu. Diski imekufa. Niliingia pale kifua mbele, nikawaambia watulie, nakala ninazo. Nikarudi Mitwero, nikafungua mashine yangu, nikakuta nakala ya mwisho ni ya kabla ya msimu. Mkulima wa salfa hakuwemo hata mmoja.

Mwenyekiti akaitisha kikao.

"Ijumaa nani anafunga ofisi?"

"Mimi," karani akajibu.

"Na mtandao unakufa lini? Ijumaa. Unauzima ili nakala isiende. Umeandikisha wakulima hewa, sasa unafuta nyayo."

Akampa siku kumi. Orodha ipatikane, ama aache kazi na jina lake lipelekwe polisi. Yule dada hakulia. Alinitazama mimi, maana pale ndani ni mimi peke yangu niliyejua mambo ya mashine. Na mimi, kwa kulinda jina langu, nikasema, "Mashine haina chuki na mtu."

Nimesema mengi ya kijinga maishani, lakini hilo ndilo ninaloomba msamaha mpaka leo. Nilipofika Mingoyo nikasimama kunywa chai. Nikaiacha mezani. Nilikuwa nawafikiria wale watoto watatu wa karani.

Nikanunua diski mpya kwa pesa yangu, nikaifunga, na Ijumaa iliyofuata nikaswali kwenye msikiti wao kisha nikarudi kukaa ofisini. Karani alikuwa anatoka. Alichomoa waya kwenye laptop yake, akaitia laptop mkobani, akaondoka bila kuniaga. Taa za swichi zilikuwa zinapepesa taratibu, kila moja kwa wakati wake. Mtandao ulikuwa mzima.

Saa nane na nusu ikaingia ndoo, nyuma yake mwenye ndoo. Ni mama mmoja mtu mzima anayefanya usafi pale kila Ijumaa tangu msimu uanze. Hupiga deki, kisha hufukiza udi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inua miguu."

Nikainua. Akapiga deki mpaka kwenye meza ya karani, akaukuta ule waya wa laptop umening'inia. Akaushika ncha, akaifuta kwa pembe ya khanga yake, akaichomeka kwenye tundu tupu la swichi. Pale pale taa zote zikaanza kuwaka na kuzima kwa pamoja, mbio mbio, kama zina wazimu. Nikatazama simu yangu. Mtandao umekufa.

"Mama, umefanya nini hapo?"

"Nimeurudisha kwao. Kila Ijumaa naukuta umening'inia hivyo hivyo, kesho uingie kwenye ndoo mniambie nimewaharibia. Tundu lipo wazi, kwa nini ulale nje?"

Nikakaa chini. Ncha ya pili ya waya ule ilikuwa tayari imechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo. Sasa taarifa zikitoka tundu hili zinaingia lile, zinatoka tena, zinazunguka na kuongezeka hadi hakuna kinachopita. Jumamosi asubuhi karani anakuja, anachomoa ncha, anaitia kwenye laptop yake, ugonjwa umepona kabla mimi sijafika. Haukuwa ukiniogopa mimi hata kidogo.

Nilifurahi, kisha furaha ikakatika. Yule dada hana kosa, sawa, lakini orodha bado haipo. Nikamweleza mama yote, nikamalizia, "Laiti tusingezichoma zile fomu."

"Nani kazichoma?"

"Si uliambiwa wewe uchome?"

"Niliambiwa." Akaegemea fagio. "Hebu nitajie majina ya wanaume wa kijiji hiki. Nusu yao wana jina la Mungu ndani ya majina yao. Nilitie kiberiti, mimi? Kwa umri huu?"

"Kwa hiyo ziko wapi?"

"Kwangu, darini, kwenye gunia la salfa. Nangoja mtu wa kwenda Lindi akazitie baharini, jina la Mungu lisije likakanyagwa. Dereva wa basi anataka elfu tatu, eti gunia lina nauli yake. Nikamwambia gunia halikai kwenye kiti!"

Sikusubiri amalize kupiga deki. Nikaichukua ndoo mwenyewe nikamalizia.

Siku nne tulikaa na karani, mimi nasoma fomu, yeye anaandika. Mara mbili alinisahihisha kusoma na akafurahia waziwazi. Hakukuwa na mkulima hewa hata mmoja. Kwenye kikao nilisimama, nikawaeleza habari ya ule waya, nikasema makosa ni yangu: agizo la kuchoma karatasi kabla nakala haijathibitishwa lilikuwa langu, na kutotazama nakala kulikuwa kwangu. Mwenyekiti akamwomba radhi karani mbele ya watu. Naye dada akanigeukia: "Kaka fundi, mtandao bado unakuogopa?"

Namshukuru Mungu kwa yule dada aliyenitania badala ya kunilaani. Na namshukuru yule mama zaidi ya nilivyowahi kumshukuru mwalimu yeyote. Alinieleza kwamba karatasi za namna ile unaziloweka mpaka ziwe uji, ndipo unazipeleka baharini. Hakuna mwizi anayeweza kusoma uji. Kila ofisi ninayoifunga sasa nawafundisha hivyo, na kila Jumamosi nafungua nakala moja nione kama inasomeka. Nikiulizwa nimejifunza wapi, nasema kwa mama mmoja mwenye ndoo.

Tulipohakikisha nakala ziko mbili, na zote zinafunguka, gunia nililisindikiza mwenyewe kwa basi la yule dereva. Nililipa elfu tatu yake, na nikalikalisha kwenye kiti. Nikaziloweka fomu kwenye pipa kwangu Mitwero, kisha nikazipeleka majini. Hiyo nauli, na ile diski, na chakula cha siku nne, na doti mbili za khanga kwa wanawake wale wawili, na vizibo vya mpira vya kuziba matundu matupu ya swichi: shilingi laki moja na sitini na tano elfu na mia tano, zote kutoka mfukoni mwangu.