Udongo wa Zizi la Baba

Kwetu mwenye mji, mkuu wa kaya, huzikwa zizini. Asubuhi inayofuata ng'ombe hupitishwa juu yake mpaka ardhi isawazike, pasibaki jiwe wala alama. Baba alizikwa hivyo, upande wa Shinyanga, mimi nikiwa nimeshaolewa Geita. Habari zilinifikia na lori la pamba, mwezi mzima baadaye. Nilikuwa napepeta mtama. Nikamaliza kupepeta.

Nchi niliyokulia ilikuwa na vichaka. Miaka ya arobaini ikatoka amri vikatwe ili mbung'o waishe, na watu wakakata, mpaka ukisimama juu ya mawe unaiona mbuga yote, nyeusi na tupu. Mbung'o waliisha kweli. Kuni nazo zikaisha, tukapikia mabua ya pamba. Kisha akaja bwana shamba, kijana mwenye soksi ndefu, akatufundisha kulima matuta kana kwamba kabla yake tulikuwa tunakula mawe. Tukaambiwa na ng'ombe wapunguzwe. Ndipo watu wakaanza kuhamia magharibi, kwenye mvua. Mama na kaka nao wakanifuata Geita, wakajenga karibu na kwangu.

Mama hakutulia. Alisema mji mpya hauna mwenyewe. Alitaka udongo wa pale alipolala baba. Miguu yake ilikuwa mibovu, na kaka alikuwa mgodini, hakupewa ruhusa. Nikatumwa mimi.

"Zizini, kulia ukiingia," alisema. "Konzi moja inatosha, mwanangu."

Sikuuliza kitu. Zizi letu nililifagia tangu utotoni, niulize nini?

Nikapanda lori, nikavuka kwa kivuko, nikapanda garimoshi, kisha nikatembea nusu siku. Nilipofika hapakuwa na mji. Uzio wa minyaa ulikuwa umeng'olewa, nyumba zimeanguka, pamba imelimwa mpaka mlangoni mwa lililokuwa jiko. Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, nikamweleza ninachotafuta.

"Itazame pamba yenyewe," akasema. "Palipokuwa na zizi hainisikilizi. Inarefuka tu, haizai."

Ni kweli. Kila mahali pamba ilinifika kiunoni, lakini kipande kimoja cha mviringo kilinipita kichwa, majani yake mazito kwa samadi ya miaka mingi. Kipande kingine cha namna hiyo kilikuwa mbele zaidi, chini ya mawe. Nilidhani ni cha jirani. Nikaingia kwenye kile cha kwanza, nikakisia ulipokuwa mlango, nikachimba kulia, nikafunga udongo kwenye pindo la kanga. Nikakaa chini nisubiri machozi. Hayakuja. Niliona aibu kidogo, halafu nikasikia kiu.

Mama aliumwaga udongo ule kulia ukiingia zizi letu jipya, akapiga magoti. Akamwambia baba kwamba mvua za huku ni nzuri, kwamba ndama ni wawili, kwamba kaka anakohoa. Uso wake ulikuwa umelainika. Sikuwa nimeuona hivyo tangu niolewe. Akainuka akijipangusa mikono.

"Zizi lile alilipenda," akasema. "Alilijenga kwa mikono yake pale chini ya mawe, la zamani lilipojaa samadi. Wewe ulikuwa umeshaondoka."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Ningeweza kumwambia saa ile ile. Nilikuwa na siku nzima, nikaitumia kuteka maji. Kesho yake alipita zizini kumwamkia mumewe, na keshokutwa, na kila asubuhi aliyoamka akiwa na nguvu za kutembea. Nilimsikia akicheka huko peke yake. Sikuona uchungu wala furaha. Nilikuwa nikisikiliza tu, kama mtu anavyosikiliza mvua ya shamba la mwingine.

Alipokaribia kufa aliomba alazwe karibu naye. Wazee walinong'ona kwamba zizini si mahali pa mwanamke, lakini kaka akasema neno la mama halirudishwi. Akashika jembe. Alikuwa mgodini siku ile udongo ulipomwagwa, kwa hiyo akanigeukia mimi.

"Baba yuko wapi hasa?"

Watu wote walinitazama. Nikamwonyesha kwa kidole, naye akaanza kuchimba.