Kitufe cha Kurudi Nyuma

Tarehe 9 Agosti 1999, Levina Mgoli alimaliza kurekebisha programu ya barua pepe katika ofisi moja ya Ifakara, ambako watu walipokezana kompyuta.

Wiki iliyotangulia, Safina, muuza vitenge, alifunga barua zake akainuka upesi kumpisha mzee kiti. Mzee akagusa kitufe cha kurudi nyuma, barua zikafunguka.

"Binti, Mahmoud anauliza utakubali lini akuoe!" mzee akasoma kwa sauti.

Watu wakaangua kicheko. Safina akaapa kutoandika tena, na Mahmoud, aliyekuwa masomoni India, akabaki bila jibu.

Sasa Levina alimwita Safina ajaribu. Safina alifunga barua zake, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Programu ikadai neno la siri.

"Hata mimi inanifukuza! Ahsante, dada Levina. Umeniokolea mume."

Kesho yake asubuhi alirudi kumjibu Mahmoud kwamba amekubali.