Vyuma vya Dirisha la Yaya

Kabla sijajifunza kazi ya kuzuia moto, kazi yangu ilikuwa kufungia watu ndani ya nyumba zao, na walinishukuru. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Butembo, miaka ya uasi, wakati kila kikundi kilichoingia mjini kilikuja na bunduki zake na mihuri yake, na kikiondoka kilipitia kwanza madukani. Basi watu wa mtaa wetu wa Bulengera waliniita niwawekee vyuma madirishani. Nilivichomelea kwenye fremu pande zote, ili mwizi mwenye nyundo achoke mwenyewe aende zake. Nilijivuna sana. Nikipita barabarani nilitazama madirisha yangu kuliko nilivyowatazama watu.

Jirani wa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alikuwa mzee mmoja, fundi wa viatu, mwenye chumba cha mlango mmoja na dirisha moja. Kama wengi siku zile, aliuza pia petroli iliyotoka mpakani Kasindi, na bidoni, yaani madumu yake, aliziweka mlangoni ili wenye pikipiki wasipate shida ya kushuka. Asubuhi moja petroli ilimwagika karibu na jiko la makaa na mlango wote ukawaka. Tulikimbilia dirishani. Yeye alishika vyuma kutoka ndani, sisi tukavivuta kutoka nje, na mimi nikapiga kwa nyundo yangu kazi ya mikono yangu. Vyuma havikuachia. Yeye ndiye aliyeachia. Tulimzika kesho yake, wala hakuna aliyenilaumu. Tukitoka makaburini mtu mmoja alinishika mkono akaniuliza nitakwenda lini kumfungia madirisha yake.

Nilitamani kumpiga. Badala yake nikaacha kazi, na nikasikia kwamba mji jirani wa Beni wanafundisha ufundi wa kuzuia moto. Wasafirishaji wa Kiislamu wa pale walikuwa na depo za mafuta, na walitaka walinzi wanaojua wanachokifanya. Mwalimu alikuwa mtumishi wa serikali aliyetoka mkoa wa mbali, zamani zimamoto wa uwanja wa ndege. Vita vilimkuta huku, mshahara wake ukabaki upande wa pili. Gari la zimamoto alituchorea ubaoni, maana lingine hakuwa nalo. Kizima-moto tulikuwa nacho kimoja tu, tukapokezana kukishika kwa zamu, lakini kukibonyeza ilikuwa marufuku kwa sababu kikiisha hakuna wa kukijaza.

Alichoweza kutufundisha kwa vitendo ni kutoka. Alitufunga vitambaa machoni, akapanga madawati ovyo darasani, akatuambia tutambae, mkono mmoja ukutani, hadi tupate mlango. Siku ya kwanza nilipotea. Nilikwama kwenye kona, nikapapasa dirisha, nikapiga kelele mbele ya wenzangu.

"Mutu akiwa mu moshi hapana kuona, mon cher," mwalimu aliniambia akinifungua kitambaa. "Mukono ndiyo macho yake. Donc, basi, mukono ikikuta chuma, ile mutu amekufa."

Hakujua lolote juu yangu. Nilitoka nje nikalia, na sikuona haya.

Mtihani wa mwisho ulikuwa hivi: kila mmoja achague nyumba ya kweli, aitengenezee njia ya pili ya kutokea, inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Mwalimu angekuja kuijaribu mwenyewe. Nilichagua nyumba ya dada yangu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Naye alikuwa anauza petroli, naye bidoni zilikuwa mlangoni, na watoto wake watatu walilala naye chumba cha nyuma, kwenye dirisha nililolifunga mimi.

"Yaya, uniache nifungue ile dirisha," nilimwambia.

"Umufungulie nani? Basoda?" Ndivyo alivyowaita askari wote.

"Ni juu ya moto, yaya."

"Moto haiyakuya kwangu hata siku moya. Basoda bamekuya mara tatu."

Nilimwonyesha karatasi ya mtihani. Alikubali kwa ajili ya diploma yangu tu, si kwa sababu nyingine. Nilikata vyuma, nikavifunga kwa bawaba, nikaweka komeo upande wa ndani. Mwalimu alikuja kutoka Beni juu ya lori. Alijifunga kitambaa machoni, akatambaa chumbani mbele ya watoto waliokuwa wanacheka, akapapasa komeo, akafungua, akarukia nje kwenye maharage ya yaya. Alisimama anajikung'uta udongo, uso umejaa furaha. Nilifaulu. Nikapata kazi kwenye depo moja Beni, na kwa mara ya kwanza tangu mzee yule afe nililala vizuri.

Haikuchukua muda mrefu. Alasiri moja ya mvua, wapiganaji walioshindwa mahali pengine walipita Bulengera wakirudi nyuma. Yaya aliwafungia mlango. Walizunguka nyuma, wakavunja ubao wa dirisha, mmoja akaingiza mkono, akafungua komeo. Walichukua bidoni, magodoro, nguo za watoto. Yaya alipojaribu kuzuia cherehani, walimvunja mkono kwa kitako cha bunduki, na watoto wanatazama.

Nilifika kesho yake. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa vijiti. Hata salamu hakunipa.

"Leta mashini yako ya kuchomea. Funga."

"Yaya, unajua yale yaliyomupata mzee..."

"Hapana kunifundisha tena! Nilikusikia mara moya, ona mukono yangu. Weye ukikataa, nitaita fundi mwingine."

Fundi mwingine angefunga pande zote, kama nilivyokuwa nafunga mimi. Hilo ndilo lililonishinda. Nilikodi jenereta, nikaanza kazi huku yaya amekaa jikoni na watoto. Nilitoa bawaba na komeo, nikavirudisha vyuma mahali pake, lakini sikuvichomelea pande zote. Nilitia vidoti vinne tu, kila pembe kimoja, vidogo kama punje za mahindi. Juu yake nikapaka rangi nyeusi, nene, mpaka ilionekana kazi imekamilika. Mtu akivivuta kwa mkono havitatikisika. Mtu akivipiga teke la nguvu kutoka ndani, vitaanguka nje. Najua pia kwamba mwizi mwenye mtarimbo ataving'oa bila kutoka jasho. Nilimwibia yaya ulinzi aliouagiza.

Nilipomaliza alikuja dirishani, akashika vyuma kwa mkono wake mzima, akavivuta mara mbili, tatu.

"Sasa tutalala," akasema. Ndipo akanisalimu, akanipikia chai.

Niliinywa nimemkabili, na maneno yalikuwa mdomoni. Nikimwambia, kesho yake ataita fundi mwingine na dirisha litafungwa kweli. Nisipomwambia, siku ya moshi atakimbilia mlangoni kwenye petroli pamoja na watoto wake, kwa sababu anajua kwamba nyuma kumefungwa. Hakuna darasa lililonifundisha la kufanya hapo. Nikaaga, nikapanda gari la Beni.

Petroli bado anauza, na bado iko mlangoni. Siku hizi mwalimu ni mimi. Nawafunga vijana vitambaa machoni na kuwaonyesha njia ya kutokea. Kila nikienda Butembo naketi kwake nikiwa nimeamua kusema. Yeye ananiuliza habari za kazi, namjibu ni nzuri, na dirisha liko nyuma yake.